Dawa za kutoa maji na uzito: zinaondoa nini, na ufanye nini kama umeshaanza kuzimeza

Mtu akimeza furosemidi, ambayo wengi Mtwara na Lindi wanaijua kwa jina la Lasix, saa moja asubuhi, kabla ya saa mbili huwa ameshaanza kwenda chooni. Ataendelea kwenda hadi saa saba au saa nane mchana, nguvu ya kidonge inapokwisha. Jioni akipanda mizani anaweza kukuta kilo moja au mbili zimepungua. Upungufu huo ni wa kweli, lakini ndani yake hamna hata gramu moja ya mafuta. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na alichopunguza ni zile lita alizokojoa.

Maelezo haya ni kwa anayefikiria kumeza dawa hizi ili apungue kabla ya harusi, sendoff au ngoma, na kwa aliyekwisha kuanza na sasa anataka kuacha bila kujiumiza. Waliopewa na daktari kwa ajili ya presha, moyo, ini au figo wana sehemu yao huko chini. Hao wasiache dawa kwa sababu ya makala haya.

Kinachotokea kwenye figo

Figo huchuja damu usiku na mchana, na karibu chumvi yote iliyochujwa hurudishwa mwilini kabla mkojo haujafika kwenye kibofu. Chumvi inapokwenda, maji hufuata. Dawa ya kutoa maji huizuia chumvi isirudi, kwa hiyo maji nayo hutoka. Furosemidi ndiyo kali zaidi, kwa sababu hukaba sehemu ya figo inayorudisha karibu robo ya chumvi yote. Hidroklorothiazidi ni ya upole kuliko hiyo na hudumu muda mrefu zaidi, ndiyo maana hupewa wagonjwa wa presha. Spironolaktoni hufanya kazi kwa njia nyingine: inatoa maji huku ikizuia potasiamu isitoke, na kwa sababu hiyo hatari yake kubwa ni potasiamu kuzidi.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kilokalori 7,700. Ili itoke lazima mwili uichome, na sehemu kubwa ya inachoacha hutoka kwa pumzi. Figo haina mlango wa kupitishia mafuta ya tumbo.

Siku chache baadaye mwili hujihami. Figo zikihisi damu imepungua maji, huamsha homoni zinazoamuru chumvi ishikiliwe kwa nguvu zote. Mizani inasimama ingawa mtu bado anameza kidonge kila asubuhi. Hapo ndipo wengi huongeza dozi, na hapo ndipo madhara makubwa huanzia. Wengine huacha ghafla. Homoni zile bado ziko juu, dawa haipo tena ya kuzipinga, basi chumvi na maji hurudi kwa fujo: uso unajaa, viatu vinabana, pete haitoki kidoleni. Mtu anajitazama kwenye kioo na kuamini kwamba amenenepa maradufu, kumbe uvimbe ule umeletwa na dawa yenyewe. Anarudi dukani. Ukielewa jambo hili moja, umeelewa kwa nini watu hukwama na vidonge hivi kwa miezi wakidhani miili yao "ina maji mengi".

Kinachopotea pamoja na maji

Mkojo huo hubeba sodiamu, magnesiamu na, kwa furosemidi na hidroklorothiazidi, potasiamu. Potasiamu ya kawaida kwenye damu ni kati ya 3.5 na 5.0 mmol/L. Ikishuka, misuli hulegea, miguu hukakamaa usiku, choo kinakuwa kigumu, na mapigo ya moyo hurukaruka. Ikishuka sana moyo unaweza kusimama. Mtu anaweza kuwa chini ya kiwango salama bila kuhisi chochote zaidi ya uchovu, na uchovu huo husingiziwa kufunga au kazi.

Joto la pwani linaongeza tatizo. Kuanzia Oktoba hadi Machi mtu anayeokota korosho shambani Tandahimba au kupanda baiskeli mchana pale Mikindani anapoteza maji mengi kwa jasho tu. Akiongeza kidonge, presha hushuka, anaona giza anaposimama, anaanguka. Pombe za mabibo, yaani uraka na gongo, huzidisha hali hiyo.

Mchanganyiko unaotutia wasiwasi kuliko yote ni wa dawa ya kutoa maji na diklofenaki au ibuprofeni, hasa kwa mtu ambaye pia anameza kaptoprili, enalaprili au losartani ya presha. Kila moja hupunguza kwa njia yake msukumo wa damu ndani ya figo, na zikikutana tatu figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Diklofenaki hununuliwa kwa maumivu ya mgongo kama pipi, kwa hiyo mkutano huu si wa nadra. Kama mwili unauma na uko kwenye dawa ya kutoa maji, parasetamoli ndiyo salama zaidi.

Wenye gauti wajue kwamba furosemidi na hidroklorothiazidi hupandisha asidi ya yuriki, na kidole gumba cha mguu kinaweza kuwaka moto usiku uleule. Wenye kisukari wataona sukari ikipanda, hasa kwa hidroklorothiazidi. Mama anayenyonyesha anaweza kupungukiwa maziwa.

Kwanza hakikisha: ni maji, ni mafuta, au ni ugonjwa?

Bonyeza kwa kidole gumba mbele ya mfupa wa ugoko, juu kidogo ya kifundo cha mguu, uhesabu hadi kumi, kisha achia. Pasipobaki shimo, unene wa mguu wako si wa maji, na dawa ya kutoa maji haina kazi hapo. Shimo likibaki, una maji yaliyojikusanya, na maji ya namna hiyo yana chanzo: moyo, figo, ini, upungufu mkubwa wa damu, ujauzito, au dawa unayotumia. Chanzo ndicho kinachotibiwa. Nenda kituo cha afya upimwe presha, protini kwenye mkojo, wingi wa damu, na ujauzito kama inawezekana upo. Kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha kazi ya figo, na cha potasiamu hakipatikani kila zahanati. Ulizia hospitali ya wilaya, au Ligula kwa walio Mtwara na Sokoine kwa walio Lindi. Walio kando ya barabara ya Mingoyo–Masasi wana Nyangao na Ndanda.

Kuna hali nne ambazo watu wa huku huchanganya na unene.

Matende ni ya kwanza, na pwani yetu ya kusini imeyajua kwa muda mrefu. Mguu mmoja huvimba kuliko mwenzake, ngozi inakuwa ngumu, na baadaye kubonyeza hakuachi shimo. Ugonjwa huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, ambayo huharibu mirija ya limfu. Uvimbe huo si wa chumvi kuzidi, na Lasix haiupunguzi hata ukimeza mwezi mzima. Kinachosaidia ni kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha vizuri katikati ya vidole, kutibu fangasi na vidonda mapema, kuuinua mguu unapoketi na unapolala, na kuzungusha kifundo mara kwa mara. Mabusha hutibiwa kwa upasuaji.

Ya pili ni uvimbe wa mjamzito. Miguu kujaa kidogo jioni ni kawaida. Lakini uso na mikono ikivimba, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au tumbo la juu likiuma, nenda hospitali siku hiyohiyo: presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ni dalili ya kifafa cha mimba kinachonyemelea. Kumeza dawa ya kutoa maji kunachelewesha msaada na kunapunguza damu inayomfikia mtoto.

Ya tatu hutokana na dawa nyingine. Amlodipini ya presha huvimbisha vifundo vya miguu, na dawa za kutoa maji hazifai sana kwa uvimbe huo. Mwambie daktari akubadilishie au apunguze. Vidonge vya kunenepesha, ambavyo mara nyingi vina deksamethasoni, hufanya uso kuwa wa mviringo na tumbo kujaa. Anayevimeza kisha akaongeza Lasix ili uso upungue anapoteza potasiamu kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Wala asiache deksa ghafla kama ameitumia kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwili umekwisha kuacha kutengeneza homoni yake na unaweza kuzimia. Ipunguzwe kidogokidogo na daktari.

Ya nne ni hedhi. Siku kadhaa kabla ya hedhi kilo moja hivi inaweza kuongezeka, kisha ikatoka yenyewe. Sindano ya uzazi wa mpango ni jambo jingine: uzito unaoongezwa nayo kwa sehemu kubwa ni mafuta, na tiba yake ni kubadilisha njia au chakula.

Kuacha bila kujiumiza

Ikiwa umemeza kwa siku chache tu, bila kuandikiwa na daktari, na huna dalili mbaya, acha leo. Uzito utarudi kilo moja hadi tatu ndani ya siku chache. Usiogope na usirudi dukani. Ni maji yako yamerudi mahali pake.

Ikiwa umezitumia kwa wiki au miezi, au zaidi ya kidonge kimoja kwa siku, pima kwanza potasiamu, sodiamu na kreatinini. Mweleze daktari ukweli wote, idadi ya vidonge na siku, pamoja na dawa za kuharisha au chai za kupunguza tumbo kama ulizitumia. Hatakushangaa, hayo anayasikia. Mara nyingi dozi hushushwa kwa hatua ili uvimbe wa kurudi usiwe mkubwa.

Wakati huo, chumvi ndiyo ya kusimamia. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na takriban gramu 9 za chumvi huweza kushikilia lita nzima ya maji. Ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, na papa mkavu ndio wanaoharibu hesabu kwa watu wengi wa pwani. Walowekwe saa kadhaa, maji yamwagwe na kubadilishwa mara mbili au tatu, wachemshwe kwanza na maji hayo nayo yamwagwe, kisha mchuzi upikwe bila kuongeza chumvi. Vipande vya kiungo vya kuongeza ladha ni chumvi vilevile. Ukivitia, usitie chumvi nyingine. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili huleta ladha bila kushika maji.

Kunywa unaposikia kiu, mkojo uwe wa rangi ya njano hafifu. Kujinyima maji ili usivimbe hufanya mwili ushikilie zaidi. Ndizi, viazi vitamu, mchicha, maharage na madafu hurudisha potasiamu taratibu, kwa mtu ambaye figo zake ni nzima na hatumii spironolaktoni. Usinunue vidonge vya potasiamu mwenyewe, kwani ikizidi inasimamisha moyo sawasawa na ikipungua. Ukiwa na kuharisha au kutapika, tumia ORS ya pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Ile ya nyumbani ya sukari na chumvi husaidia maji lakini haina potasiamu. Inua miguu jioni kwa dakika 20 au 30. Uvimbe wa kurudi kwa kawaida hutulia ndani ya wiki moja hadi tatu.

Usisubiri kesho ukiona mapigo yanarukaruka au yanakwenda mbio bila sababu, unazimia, miguu haina nguvu ya kusimama, unachanganyikiwa, unapata degedege, au hujakojoa kwa zaidi ya saa nane. Chukua bajaji au bodaboda, lakini usiendeshe mwenyewe. Beba pakiti ya vidonge ili daktari aone ni dawa gani.

Kwa waliopewa na daktari

Meza asubuhi. Kama ni mara mbili kwa siku, ya pili iwe mchana kabla ya saa kumi, vinginevyo utakesha ukienda chooni, na wazee wengi huanguka na kuvunjika nyonga katika safari hizo za usiku. Keti kitandani kidogo kabla ya kusimama. Damu ipimwe wiki moja au mbili baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi.

Mwenye moyo dhaifu apime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, na aandike. Zikiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanajaa tena. Awasiliane na kliniki kabla pumzi haijabana. Ukipatwa na kuharisha au kutapika, uliza siku hiyohiyo kama usimamishe dawa kwa muda. Wanaofunga Ramadhani wamwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu kumeza daku kisha kushinda bila maji katika joto la Lindi ni hatari. Wengi huhamishiwa dawa baada ya futari, na wengine hushauriwa wasifunge. Na usimgawie jirani vidonge vyako, hata akikuomba vipi.

Chai, ndevu za mahindi na vinywaji vya kupunguza tumbo

Ndevu za mahindi, mchaichai, choya na kahawa huongeza mkojo kidogo na hazipunguzi mafuta. Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni mara nyingi zina sena, ambayo huharisha. Kinachotoka ni kinyesi na maji, na potasiamu inakwenda nayo. Nyingine hutiwa dawa za hospitali kwa siri bila kuandikwa kwenye boksi. Kinywaji cha "asili" kikikukojoza au kukuharisha tangu siku ya kwanza, kiache, na usinunue kisichosajiliwa na mamlaka za serikali.

Kupunguza mafuta yenyewe, kwa jiko la huku

Ukila kilokalori 500 pungufu kila siku, utapunguza karibu nusu kilo ya mafuta kwa wiki. Si nyingi, lakini hairudi kama maji ya kidonge. Mahali pa kuzipunguza kilokalori hizo ni hapa: soda moja ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, yaani kilokalori 140. Kila kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia ni 120. Nazi moja kubwa yenye nyama ya gramu 400 ina takriban 1,400, na sehemu kubwa ya mafuta yake huhamia kwenye tui. Kwa siku za kawaida pika kwa tui la pili pekee, na tui zito liache kwa sikukuu. Samaki wa chukuchuku, wenye nyanya, ndimu na pilipili, hawahitaji mafuta kabisa. Tungewapendekeza kwa kila nyumba.

Korosho zina lishe nzuri ila zina nguvu nyingi: konzi ndogo ya gramu 30, mbegu kama 18, ni kilokalori 165 hivi. Zihesabu kabla ya kukaa nazo, kwa sababu kwa wenye shamba bakuli halishi. Ugali wa muhogo hauna protini ya maana na njaa hairudi kwa kuchelewa. Punguza tonge, ongeza mbaazi, kunde, dagaa au pweza wa kuchemsha, na kisamvu au mchicha nusu ya sahani. Ming'oko ni wanga kama muhogo, kwa hiyo ile badala ya ugali au wali, si juu yake.

Tembea kwa kasi inayokufanya uhemee lakini bado uweze kuzungumza, jumla ya dakika 150 kwa wiki, alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni jua likiwa limepoa.

Pima mizani mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kukojoa. Wiki ya kwanza inaweza kuonyesha kilo mbili kwa sababu wanga uliohifadhiwa hutoka na maji yake, usiihesabu. Pima pia kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa wanawake sentimita 80 na kwa wanaume 94 ndipo hatari ya kisukari na moyo huanza kupanda; 88 na 102 ni kubwa zaidi. Uzito ukipanda au kushuka kwa zaidi ya kilo moja ndani ya siku moja, hayo ni maji, na futi ya kiuno ndiyo ya kuaminiwa wiki hiyo.